Kuzeeka kwa Paneli za Umeme wa Jua
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama, Kamanga



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo halikuwamo katika mazungumzo yetu Chama kilipoanzishwa, kwa kuwa wakati ule paneli zetu zilikuwa mpya, na kitu kipya hakiulizwi umri. Leo ile iliyofungwa juu ya ghala la pamba mwaka ule ule tulioandikishwa imetimiza miaka kumi pamoja nasi, na wengi wenu mnazo za umri huo juu ya mabati yenu. Swali linaloletwa kwa makatibu wa vyama vya msingi ni moja: "Paneli yangu imechoka, je, ninunue nyingine?" Wako wenzetu waliotoa fedha za pamba kabla hazijalala nyumbani hata usiku mmoja, wakanunua paneli mpya, na taa zao zikaendelea kuzimika saa tatu za usiku kama zamani. Hao ndio walionifanya nikubali kusimama hapa.

Paneli ni vipande vyembamba vya silikoni vilivyounganishwa, vikafunikwa kwa utando wa plastiki na kioo. Vipande vya kwanza vya namna hiyo vyenye kufaa kwa kazi vilionyeshwa Marekani mwaka 1954, katika maabara ya kampuni ya Bell, navyo viligeuza kuwa umeme kiasi cha sehemu 6 tu katika 100 za nguvu ya jua. Silikoni yenyewe hailiwi na jua kama utambi unavyoliwa na moto. Kinachozeeka hasa ni mavazi yake. Utando wa plastiki hugeuka rangi ya manjano, hata kahawia. Unyevu hupenya pembeni na kuzitia kutu nyuzi za ndani. Na viungo, kwa kutanuka mchana na kunywea usiku, mwishowe hupata nyufa. Joto huharakisha mambo hayo yote. Ndiyo maana si vizuri kuilaza paneli ikagusana na bati. Iachiwe nafasi ya upepo kupita chini yake.

Basi hupotea kiasi gani? Wataalamu wa Marekani waliokusanya vipimo vya nchi nyingi, wakavitangaza mwaka 2012, waliona kwamba paneli nyingi hupoteza kama nusu ya sehemu moja katika mia kwa mwaka, na nyingine zikakaribia sehemu nzima. Maana yake, paneli njema ya wati 100 baada ya miaka kumi hubaki na wati 90 hadi 95. Huko Lugano, nchini Uswisi, zipo paneli zilizoanza kazi mwaka 1982. Zilipopimwa baada ya miaka 35, zaidi ya nusu yake zilikuwa bado zinatoa zaidi ya sehemu 80 katika 100 za nguvu yake ya awali. Jua la Uswisi si jua la Usukuma, nakubali. Lakini hata tukiongeza makali ya kwetu, miaka kumi si uzee wa kuzima taa saa tatu.

Yafaa nitaje aina moja iliyo mbali na hizo: zile zenye silikoni iliyopakwa kama rangi juu ya kioo, ambazo ziliuzwa kwa wingi Kenya katika miaka ya 1990, nyingi za wati 12 hivi. Hizo hushuka sana katika miezi ya kwanza, kisha hutulia. Tena zipo zenye kibandiko kinachosema wati nyingi kuliko zilizomo. Paneli ya namna hiyo haikuzeeka, ilizaliwa hivyo.

Sasa niseme juu ya ghala letu. Mlinzi alilalamika kwamba taa hazifiki usiku wa manane, nasi tukaitupia lawama paneli. Nilipopanda juu nilikuta vumbi la barabara, nyuzi za pamba, na mabaki ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, vimeganda juu ya kioo. Mwembe ambao ulikuwa mche tulipofunga paneli, sasa unatupa kivuli juu yake tangu saa tisa. Na vipande vya paneli vimefungwa mfululizo, kama ng'ombe wa plau: mmoja akilala, wote husimama. Tena kipande kinachokaa kivulini hupata moto, na huweza kuungua. Tulikata matawi, tukaosha kioo asubuhi kabla hakijapata joto, kwa maji na kitambaa laini, bila sabuni ya unga. Mshale wa mita ukapanda. Lakini taa zilipona kabisa tulipobadilisha betri.

Naam, betri. Betri ya risasi kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na hufa mapema zaidi ikikamuliwa kila usiku kupita nusu yake, au ikiachwa bila maji ya betri. Betri ikifa, mwenye nyumba huitazama paneli, kwa sababu ndiyo inayoonekana. (Betri iliyokufa isimwagwe shambani wala ziwani, risasi ni sumu.)

Atakayepima asidanganywe na volti. Paneli chakavu huonyesha volti karibu sawa na mpya, hata chini ya mawingu. Yapimwe maji yake halisi, yaani ampea, saa sita mchana, jua likiwa wazi na kioo kikiwa safi, kisha yalinganishwe na yaliyoandikwa mgongoni mwa paneli.

Kwa hiyo naomba Mkutano ukubali kila chama cha msingi kinunue mita moja, na kiwe na daftari la kuandikia tarehe ya kufunga, wati, na ampea za kila mwaka. Na mkopo wa paneli mpya usitolewe kabla ya kipimo hicho. Paneli ya ghala la Kamanga imekwisha kuandikwa, ukurasa wa kwanza.