Uvimbe Pembeni ya Jicho: Siku Tunazopoteza Njiani

(Maneno yaliyosemwa kwenye mukutano wa wanachama. Yameandikwa kwa ombi la wale ambao hawakufika.)



Mumenipa dakika kumi za afya. Wengi munafikiri nitasema juu ya kipindupindu, sawa kila mara. Hapana. Leo tuongee juu ya uvimbe unaoota pembeni ya jicho. Familia mbili kati yetu zimenipa ruhusa, bila kutaja majina.

Mutoto wa kwanza alikuwa na miaka sita. Jino lililegea, shavu likavimba, kisha jicho likaanza kusukumwa inje. Walingoa jino. Walipaka dawa ya majani. Mimi mwenyewe nilimuona siku ya kugawa mbegu, nikamuambia mama yake: tumalize kwanza kazi, nitakuja. Nilikuja kisha wiki mbili. Kufika hospitali kubwa, ugonjwa ulikuwa umeingia kichwani. Tulimuzika. Zile wiki mbili ninazibeba mpaka leo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa limfoma. Ni kansa ya seli nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Inaweza kuanza kwenye kope, kwenye ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho, kwenye tezi ya machozi, ao ndani ya tundu la mufupa ambamo jicho linakaa.

Kwa watu wazima, aina inayoonekana sana fasi hizo inakwenda polepole. Mutu anaweza kukaa nayo myaka, na wengi wanaotunzwa vizuri wanaishi. Lakini kwa watoto wa huku kwetu kuna ingine, ya mbio sana: limfoma ya Burkitt. Seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili tu.

Denis Burkitt alikuwa munganga mupasuaji kule Kampala. Mwaka wa 1958 aliandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka na gari ya zamani, karibu kilometa 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Aliona ugonjwa unakaa fasi za chini, zenye joto na mvua, palepale malaria iko mingi. Kwenye milima mirefu ni haba. Leo inajulikana kwamba virusi ya Epstein-Barr pamoja na malaria ya kila mara vinaufungulia njia. Sisi tuko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari, na malaria tunaijua. Kwa hiyo si ugonjwa wa watu wa mbali. Si uchawi pia. Na mutoto haambukizi ndugu yake kwa kulala naye.

Sasa, wazazi wananiuliza: «Ataishi?» Munganga hatabiri sawa nabii. Anahesabu. Kwanza anauliza aina ya seli, ndiyo maana wanakata kipande kidogo cha nyama na kukipima kwenye mikroskopi. Pili, uvimbe uko fasi moja tu, ao umefika tumboni, ndani ya mifupa, kwenye ubongo? Tatu, nguvu za mugonjwa: anakula, anatembea? Kwa watu wazima wenye limfoma kali, tangu 1993 waganga wanatumia maulizo matano: umri kupita miaka 60, kipimo kimoja cha damu, ugonjwa umeenea wapi, nguvu za mwili, na viungo vingapi vimeguswa inje ya tezi.

Lakini kuna jambo moja halionekani kwenye mikroskopi: mugonjwa atamaliza dawa? Kwa Burkitt, inchi tajiri zinaponya karibu watoto tisa kwa kumi. Afrika tuko chini sana. Sababu kubwa ni kuchelewa na kuacha dawa katikati.

Hapo ndipo mutoto wa pili. Yeye alifika mapema. Kisha sindano za kwanza uvimbe ulinywea, jicho likarudi fasi yake. Familia ikasema: amepona, turudi nyumbani, franga zimeisha. Uvimbe kunywea si kupona! Ugonjwa ulirudi. Leo ameanza dawa tena, na safari bado ziko.

Wapendwa, hesabu ya munganga si hukumu. Aina ya seli hatuwezi kuigeuza. Siku na safari tunaweza. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Moja: jicho linalotoka inje, taya inayovimba, meno yanayolegea kwa mutoto mudogo, ao weupe unaongaa ndani ya mboni (huo ni alama ya kansa ingine ya jicho): siku ileile kwenye santa ya afya, na muombe karatasi ya transferi.

Mbili: mutu asikate wala kutoboa uvimbe nyumbani.

Tatu: keshi ya chama itenge franga za mashua na chakula cha mulinzi wa mugonjwa, mpaka sindano ya mwisho. Tunachanga kwa mazishi bila kubishana. Tuchange pia mbele ya mazishi.

Mutoto wa pili anatakiwa kuvuka wiki ijayo. Naomba tupige kura leo, mbele hatujaachana.