Tusilipie Tundu la Tairi

 Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya mizigo tunayopeleka nyumbani Kivu. Nitasema juu ya matairi tu, maana hapo ndipo pesa yetu inapovuja.

Miaka yangu ya kwanza hapa Ubelgiji nilimtumia kaka yangu wa Masisi matairi manne yaliyotumika. Meno yalikuwa bado marefu, bei ya chee, nikafurahi. Yalifika baada ya miezi mitano. Mawili yakapasuka ubavuni kabla ya msimu wa mvua kwisha, moja kwenye mteremko wa Mushaki gari likiwa limejaa watu. Mungu asifiwe, hakufa mtu. Kaka akanisomea kwa simu tarakimu nne zilizochapwa ubavuni: 3506. Maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2006. Mpira ule ulikuwa na miaka tisa siku nilipoulipia nauli. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimewapakia ndugu zangu juu yake. Tangu hapo sigusi tairi kabla ya kuinama na kusoma. Nawaomba muiname.

Halafu kuna nauli yenyewe. Tairi la gari dogo, 195/65 R15, kwenye mizani halizidi kilo tisa au kumi. Lakini watu wa ndege hawatazami mizani peke yake. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawanya kwa 6,000, na tairi lile linakuwa kilo 13. Zile kilo za ziada ni tundu la katikati. Na ndege yenyewe itakushushia mzigo Kigali au Entebbe, kwa sababu uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini. Tairi si dawa ya mgonjwa, kama ni lazima lisafiri, lipande meli.

Melini pia tunalipia nafasi, hivyo tundu lazima lijazwe. Toeni tairi kwenye janti. Janti za chuma zinapangwa kama sahani na hazili nafasi. Tairi dogo linaingia ndani ya kubwa, na katikati mnashindilia mablanketi na nguo. Msibane matairi mapya kwa nguvu, ukingo wenye waya ukipinda, tairi halishiki upepo tena. Na kila kilichomo ndani kiandikwe kwenye karatasi za forodha, hata soksi. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi. Familia kumi zikiungana zinalijaza, na kila moja inalipa sehemu yake. Toka Antwerp hadi Mombasa au Dar es Salaam muhesabu siku nyingi kuliko zamani, maana tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zinaikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika Kusini.

Lakini wapendwa, bahari siyo inayotumaliza. Inayotumaliza ni njia toka Goma kwenda Sake, Masisi, Nyabiondo, Kashebere hadi Walikale. Watafiti wa IPIS, ambao ofisi yao iko hapa hapa Antwerp, mwaka 2017 walihesabu bariyeri 798, yaani vizuizi vya barabarani, katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kila bariyeri inataka chake. Kwa miaka mingi lori halikuweza kupita hadi Walikale, bidhaa zikaruka kwa ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya barabara ya Kilambo, zikirudi na kasiteriti, madini ya bati, ya machimbo ya Bisie. Mzigo ukishafika Goma, motari anaufunga nyuma ya pikipiki, na bei inapanda kwa kila mlima.

Ndiyo maana nasema vikuukuu vyetu tusiwapelekee. Wanavyo. Mtazameni kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao, akishuka na viazi: gurudumu lake ni la mbao, limezungushiwa ukanda wa tairi lililokufa, umepigiliwa misumari. Kwado wa Sake, yaani fundi wa matairi, anaziba tairi lile lile mara ya sita. Kule tairi kuukuu halikosekani. Linalokosekana ni jipya, na jipya linauzwa Kampala, karibu na nyumbani kuliko hapa. Tuchange, tununue huko, na toka hapa tupeleke janti na vile visivyopatikana kule.

Karatasi ya kuandikisha matairi iko mezani pale, karibu na chai. Msiniandikie "tairi la Land Cruiser", maana yako ya aina nyingi. Leo usiku mpigieni simu aliye nyumbani, amulike ubavu wa tairi kwa tochi, apige picha. Niandikieni maandishi yote kama yalivyo: upana, kimo, namba ya janti. Jina la kijiji pia, maana wa Nyabiondo na wa Walikale hawatalipa nauli sawa.