Mwalimu Anayekaa: Somo la Iten kwa Watoto wa Karatu na Ngorongoro

(Mada iliyotolewa na Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya chama chetu)

 

Tumepewa dakika 15 tueleze kwa nini mwaka huu kamati inaomba mchango wa aina ambayo hatujawahi kuiomba. Miaka iliyopita tumechangia vitu vinavyoonekana: madawati, mabati, matangi ya maji. Vitu hivyo ni vyepesi kuhesabu, na ni vyepesi kupiga navyo picha. Mwaka huu tunaomba fedha za kumwezesha mtu akae. Tunataka kuwalipa posho walimu wawili wa riadha katika shule zetu za sekondari, kwa miaka 5 mfululizo, pamoja na chakula cha kambi za likizo. Wapo kati yetu waliosema afadhali tununue jezi na vikombe. Hoja yao tumeisikiliza, na tunaijibu kwa mfano wa jirani.

Jirani huyo ni mji wa Iten, nchini Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1976 alifika pale Bruda Colm O'Connell, mtawa Mwailandi wa shirika la Patrician, kuja kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa na cheti cha ukocha. Riadha ya shule ilikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu wa mkimbiaji Brendan Foster aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 huko Montreal mwaka huohuo. Bruda Colm akawa msaidizi wake. Muda si mrefu Foster akaondoka, na kazi ikamwangukia msaidizi.

Tuseme kweli, hakuanza na sifuri. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, alikuwa amesoma shuleni hapo. Kipaji kilikuwepo na jina la shule lilikuwepo. Bruda aliongeza kitu kimoja tu: hakuondoka. Zaidi ya miaka 40 ameishi Iten, kwanza akiwa mwalimu, kisha mkuu wa shule, kisha mstaafu anayeendelea kuwaamsha watoto alfajiri.

Matunda yake tunayajua. Mwaka 1988, Peter Rono wa St. Patrick's alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul akiwa na miaka 21, na akasoma Chuo cha Mount St. Mary's nchini Marekani. Wilson Kipketer, naye wa shule hiyohiyo, alihamia Denmark, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu na kuvunja rekodi ya dunia. Ukifika shuleni utaona miti iliyopandwa na mabingwa, kila mmoja na jina lake. Mti ukiwa mkubwa unajua ni wa zamani.

Mwaka 1989 alianzisha kambi za likizo, na wasichana walikuwa na nafasi yao tangu mwanzo, ingawa shule yake ilikuwa ya wavulana. Lydia Cheromei alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa wasichana mwaka 1991, akiwa na miaka 13. Janeth Jepkosgei alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007. Edna Kiplagat, aliyepita mikononi mwake akiwa binti, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na tena 2013. Kina baba wenye mabinti, tunawaomba mlikumbuke hili wakati wa kujaza kadi za ahadi.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Kilgoris, David Rudisha. Baba yake, Daniel Rudisha, alipata medali ya fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Ni michezo ileile ambayo mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, giza limeshaingia. Wakati huo Karatu ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, kwa hiyo Akhwari ni wetu kwa kila hesabu.

David alikwenda kusoma Sekondari ya Kimuron, Iten, akaingia katika kambi ya Bruda Colm. Alikuwa anakimbia mita 400. Kocha akamshauri apande hadi 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2010 akaivunja rekodi ya Kipketer. Tarehe 9 Agosti 2012, jijini London, alikimbia dakika 1 sekunde 40.91, akachukua dhahabu ya Olimpiki na rekodi ya dunia kwa pamoja, akiongoza tangu mwanzo. Mwaka 2016 akarudia dhahabu huko Rio. Tazameni basi: mwalimu mmoja amemfundisha Kipketer aliyeweka rekodi, na baada ya zaidi ya miaka kumi akamfundisha aliyeivunja. Kocha wa wiki mbili hawezi kufanya hivyo.

Sasa turudi nyumbani, maana si Wakenya peke yao wanaojua kukimbia. Filbert Bayi ni mtoto wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakupitwa, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3 sekunde 32.2. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili moja. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha Moscow katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata nyingine ya mita 5,000. Hadi michezo ya Paris 2024, hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki za Tanzania. Moja ya mbili imetoka kwetu. Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida aliipa nchi dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia, katika marathoni ya Tokyo, kwa sekunde 0.03 tu dhidi ya Mjerumani. Kwa hiyo mapafu yapo, miguu ipo, na ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu. Mzee Bayi mwenyewe hajatusahau: tamasha la michezo la kila Desemba pale Karatu ni kazi ya taasisi yake, na watoto wetu hulisubiri kama sikukuu.

Tatizo liko kati ya Desemba moja na nyingine. Wengi wetu tumepita katika UMITASHUMTA na UMISSETA, utaratibu tunaujua. Michezo ikikaribia, mwalimu anateuliwa, watoto wanakimbizwa wiki mbili, timu inakwenda wilayani, mkoani, pengine taifa. Wakirudi, viatu vinatundikwa hadi mwakani. Binti wa Endabash au Endulen aliyeshinda mita 3,000 akiwa kidato cha pili hana wa kumwambia afanye nini Jumatatu inayofuata. Mwalimu aliyemwona amehamishwa, au ana vipindi 28, au jioni anawahi shambani kwa sababu mshahara hautoshi. Wapo makocha na walimu wetu wanaojitolea bila senti, na tunawaheshimu sana. Lakini kujitolea kuna mwisho.

Hapa ndipo sisi watu wa hesabu tunaomba mtusikilize. Watu husema Bruda Colm alifanya kazi bure. Hakuna kazi ya bure. Alikuwa na nyumba ndani ya uwanja wa shule, chakula mezani, na shirika lake lilimtunza. Hakuwa na mke wala ada za watoto. Gharama ya yeye kukaa ilikuwepo; ililipwa na wengine, kimyakimya, mwaka hadi mwaka. Mwalimu wetu wa Rhotia au Nainokanoka ana familia. Tukimtaka akae kama Bruda alivyokaa, lazima tulipe ile sehemu ambayo kule ililipwa na watawa. Hiyo ndiyo maana ya posho tunayoiomba. Si zawadi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mwanachama mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, ni 120,000 kwa mwaka. Wakijitokeza wanachama 100, ni milioni 1 kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka, milioni 60 kwa miaka 5. Fedha hizo zitalipa posho za walimu wawili, mmoja upande wa Karatu na mmoja upande wa Ngorongoro, mwanamume na mwanamke, pamoja na unga, maharage na maziwa ya kambi za Juni na Desemba. Kinachobaki kitanunua viatu kwa watoto wasio navyo. Hatutajenga ofisi.

Mmetuuliza maswali matatu, na majibu ni haya. La kwanza: mwalimu akihamishwa je? Tutaomba makubaliano ya maandishi na halmashauri na wakuu wa shule, na kila mwalimu atakuwa na msaidizi anayejifunza kando yake. Iten yenyewe ilinusurika kwa sababu Foster alipoondoka palikuwa na msaidizi. La pili: masomo je? Kambi ni za likizo, mazoezi ni ya alfajiri na jioni, na mtoto anayeshuka darasani anasimama kwanza. Wengi wao hawatakuwa mabingwa. Watakuwa wauguzi, madereva wa utalii, wakulima wa vitunguu Mang'ola, wahasibu. Nidhamu ya kuamka alfajiri haitawadhuru. La tatu: mawakala watakaokuja kuwachukua watoto? Hakuna mtoto atakayesaini karatasi yoyote bila mzazi na kamati kuwepo. Vitabu vya mfuko vitasomwa mbele yenu kila baada ya miezi mitatu.

Tunajua pia kwamba huu ni wakati mgumu kwa familia nyingi. Wapo ndugu zetu wa Ngorongoro waliohamia Msomera, wapo waliobaki, na ukoo mmoja sasa umegawanyika mbali. Watoto wa pande zote ni wetu, na kambi ya likizo inaweza kuwa mahali pa kukutana tena.

Ndugu zetu, jezi huchakaa kwa misimu miwili. Kikombe huwekwa kabatini. Bruda Colm alianza mwaka 1976, na dhahabu ya Seoul ikaja 1988: ni miaka 12. Hatuwaahidi medali kwa miaka 5. Tunawaahidi kwamba kwa miaka 5 kila Jumatatu asubuhi kutakuwa na mwalimu uwanjani anayejua jina la kila mtoto na muda wake wa wiki iliyopita. Kadi za ahadi ziko mezani kwenu, na nafasi ya kuandika miezi 60 ipo. Kalamu zinapitishwa.

Mungu aibariki Karatu, aibariki Ngorongoro, aibariki Tanzania.