Kamba, Mtungi na Mtoto Aliyefunzwa: Skauti Wetu na Kazi ya Kusaidia Wengine

Ifuatayo ni hotuba ya mwalimu mstaafu na mlezi wa kujitolea wa skauti, aliyoitoa mbele ya wazazi, walimu na wakazi wakati wa kufunga kambi ya likizo ya skauti mjini Nyeri.



Nimepewa dakika ishirini. Mwalimu akistaafu hapunguzi maneno, kwa hivyo mwenye saa anikumbushe.

Leo sitawasifu hawa watoto kwa gwaride. Gwaride mmeliona na mmepiga makofi. Ninataka kuzungumza juu ya maji, mlima na msitu, kwa sababu hivyo ndivyo vitu tunavyoishi navyo katika kaunti hii, na ndivyo vinavyotuchukulia watu wetu.

Nilipokuwa darasa la saba, kulikuwa na mto chini ya shule yetu. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mvulana wa darasa letu alijaribu kuvuka kwenye mawe kama tulivyozoea, akateleza. Kijana wa jirani, mwenye nguvu na aliyejua kuogelea, akaruka kumfuata. Sisi tulikuwa ukingoni tukipiga kelele. Wanaume wanne walifika, nao wakapiga kelele. Mmoja wao alikuwa na kamba ya ng'ombe begani, ndefu na imara. Hakuna aliyeikumbuka, hata mwenyewe. Wale wawili walikufa wote. Kamba hiyo ndiyo iliyotumika jioni kuvuta miili.

Siwalaumu wale wanaume. Hawakuwa waoga wala hawakuwa na roho mbaya. Hawakuwa wamefunzwa tu. Mtu ambaye hajafunzwa, hatari ikija, hufanya mambo mawili: husimama kama mti au huruka bila kufikiri. Skauti hufunzwa njia ya tatu.

Skauti ni nini hasa

Wazazi wengi huniuliza, "Mwalimu, huu uskauti utamsaidia nini mtoto wangu? Si ni kusimama juani kumngoja mgeni wa heshima?" Ni swali la haki. Tumewatumia watoto hawa mno kupamba sherehe, na tumesahau kazi waliyokusudiwa.

Hapa Nyeri hatuna udhuru wa kusahau. Mwanzilishi wa uskauti, Robert Baden-Powell, aliishi miaka yake ya mwisho hapa mjini katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko hapa hapa. Kila Februari 22, siku ya kuzaliwa kwake, skauti huja kulizuru. Wengi wetu hupita hapo kila siku tukienda sokoni na hatujawahi kuingia. Juu ya jiwe mtaona alama ya duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njia ambayo skauti huiacha chini porini ili wenzake wajue kwamba amekwenda nyumbani.

Mzee huyo alikuwa mwanajeshi wa dola iliyotutawala, na historia hiyo hatuifichi. Lakini jambo alilolijaribu mwaka 1907, katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, lilikuwa rahisi na la maana. Alichukua wavulana 20, wa matajiri na wa maskini, akawaweka kambini pamoja, akawagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake mvulana. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1910, uskauti ulikuwa umefika Kenya. Leo ni wa watoto wetu, wavulana kwa wasichana. Walio wadogo kabisa tunawaita Sungura. Wakikua huwa Chipukizi, kisha Mwamba, na wakishavuka umri wa shule huwa Jasiri.

Wote wana mwito mmoja: Uwe Tayari. Na katika ahadi yao kuna neno la kuwasaidia wengine nyakati zote. Angalieni jinsi hayo mawili yanavyoshikana. Huwezi kumsaidia mtu mtoni kama hukujitayarisha ukiwa nchi kavu.

Majini: usiruke

Tulichowafunza vijana hawa kambini, nawaomba na ninyi mkichukue nyumbani. Mtu akizama, kwanza piga kelele uite watu. Pili, lala chini ukingoni umnyooshee kitu: fimbo, tawi, hata shuka. Tatu, kama hafikiki, mrushie kitu kinachoelea. Kuingia majini ni kwa aliyefunzwa na mwenye vifaa peke yake. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu, na akikushika wewe, mtazama pamoja.

Kitu kinachoelea tunakipata wapi? Kila nyumba hapa ina mtungi wa lita ishirini. Ukiwa mtupu na kifuniko kikikazwa vizuri, unaweza kumshikilia mtu mzima juu ya maji. Tia maji kidogo ndani ili uwe na uzito wa kurushwa, funga kamba kwenye mkono wake, na umepata kifaa cha kuokoa. Watoto wamekifanyia mazoezi hapa kambini, wakiulenga mti uliosimama mbali, mpaka mabega yakauma.

Na kimeshafanya kazi. Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja aliyetoka sokoni aliteleza kwenye kivuko akabebwa na maji hadi akashika mzizi wa mti. Chipukizi wanne walikuwa njiani kutoka shule. Wavulana wawili walitaka kuruka. Msichana wa miaka kumi na mitatu, kiongozi wa kikundi chao, aliwashika sweta akawaambia, "Kamba kwanza!" Mmoja akakimbia kuuleta mtungi, mwingine akaita watu wa boda boda. Mrusho wa kwanza ulikosea. Wa pili ulikosea. Wa tatu mama aliushika, na watu sita wakamvuta. Jana alikuja hapa kambini na gunia la mahindi mabichi. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Nimeleta ya watoto."

Baada ya kumtoa mtu majini, msimkandamize tumbo ili atapike maji. Kama anapumua, mlaze ubavu na umfunike asipate baridi. Kama hapumui, apewe pumzi za mdomo, kisha asukumwe kifua kwa nguvu katikati, mara thelathini kwa pumzi mbili, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hili halifunzwi kwa maneno. Njoo ufanye kwa mikono.

Mwaka 2024 mvua ya masika iliua karibu watu 300 nchini. Wengi mnakumbuka habari za Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yalipowakuta watu vitandani. Maji yanayokwenda kasi, hata kabla hayajafika gotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba gari. Kwa hivyo wenye matatu na boda boda, daraja likifunikwa, abiria akisema "tupite tu," mwambie hapana. Afadhali alale kwa jamaa.

Mlimani na msituni

Mlima Kenya tunauona kila asubuhi hadi tunauzoea. Kilele cha Batian kina mita 5,199, na Lenana, ambacho wageni wengi hukipanda, kina mita 4,985. Huku chini ukiwa umevaa shati, kule juu mvua ya saa moja inaweza kumgandisha mtu. Baridi ikimwingia mtu mwilini, hutetemeka, kisha hujikwaa, kisha huongea ovyo kama mlevi. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, msidhani amepona. Hapo ndipo amezidiwa. Mwondoeni upeponi, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni zilizo kavu, mkumbatieni. Akiwa na fahamu, apewe chai ya moto yenye sukari. Pombe asipewe, kwani humfanya apoteze joto zaidi.

Mtoto akipotea msituni wakati wa kuokota kuni au kutafuta mbuzi, tumewafunza hivi: simama hapo hapo. Chagua mti mmoja mkubwa, kaa chini yake, usiuache. Piga filimbi mara tatu, pumzika, piga tena tatu. Mtoto anayetembea usiku humkimbia anayemtafuta bila kujua. Wazazi, filimbi si ghali. Mfungeni mtoto shingoni.

Na nyoka akimuuma mtu, tafadhali, msimchanje, msimnyonye sumu, msimfunge kamba ya kukaza mguuni. Mtulize, mguu usisogezwe, mvue pete na viatu kabla ya kuvimba, mpelekeni hospitali mara moja. Picha ya nyoka haihitajiki kama kuipiga kutamfanya wa pili aumwe.

Ombi langu kwenu

Sasa nije kwa jambo lililonileta. Mwaka jana vikosi vyetu viliweka kamba na mtungi kwenye kivuko kimoja, vimetundikwa kwenye nguzo na vimepakwa rangi nyekundu. Baada ya wiki mbili vilikuwa vimeibwa. Tukaweka vingine. Vikaibwa. Nilikasirika, nikataka kuacha. Msichana mmoja akaniambia, "Mwalimu, mtungi ukiwa wa skauti, si wa mtu. Tumpe mwenyewe." Tukampa mama mwenye kibanda cha mboga karibu na kivuko. Akauning'iniza ndani ya kibanda chake, watoto wakaandika ukutani nje: Kamba ya kuokoa ipo hapa. Haujaibwa tena. Ndio huo uliomtoa yule mama mtoni.

Kwa hivyo ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji tenda.

La kwanza, wazee wa vijiji. Kabla ya mvua ya masika, tembeeni na skauti wa shule iliyo karibu mhesabu vivuko vyenu. Kwa kila kivuko, tafuteni nyumba moja au kibanda kimoja kitakachotunza kamba na mtungi. Jina la mtunzaji litangazwe barazani ili kila mtu alijue.

La pili, wazazi. Waachieni watoto waje, na wasichana pia. Najua sare ni gharama. Kikosi changu hakimfukuzi mtoto asiye na sare. Skafu inatosha, na kama hana skafu, aje na masikio. Mkiona wanatumwa kusimama juani saa nne kungoja magari, njooni mtuulize sisi walezi. Mna haki hiyo.

La tatu, vijana mliomaliza shule na mnaokaa sokoni mkingoja kazi. Jasiri ni kwa ajili yenu. Sina mshahara wa kuwapa, na sitawadanganya. Lakini atakayejua kufunga jeraha, kufunga fundo lisilokaza kifuani na kuongoza watu kumi usiku bila kumpoteza mmoja, huyo ana kitu ambacho cheti pekee hakimpi. Muulizeni mwalimu mlezi wa skauti katika shule iliyo karibu nanyi.

Na sote tushike nambari za dharura: 999 na 112 kwa polisi, na 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Ziandikeni kwa chaki mlangoni, kwa maana simu ikizimika chaji, kumbukumbu nayo huzimika.

Vijana, neno la mwisho ni lenu. Mtafanya mambo mema mengi ambayo hakuna atakayeyaona. Mtaondoa jiwe njiani, mtamvusha nyanya barabara, mtamwagilia mche ulioachwa na waliopigwa picha wakiupanda. Fanyeni tu. Siku kubwa ikija, mikono itakuwa imezoea.

Mimi ninawatazama nikiwa na wale wawili wa mtoni moyoni. Wangekuwa wazee kama mimi sasa. Pengine wangekuwa wamekaa hapa mbele, wakinionyesha saa.

Dakika zangu zimekwisha.