Upele wa Bwenini

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Handeni)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu wazee tumechukua viti vyote:

Katibu aliponiandikia kwamba niseme machache, nilidhani anataka habari za timu yetu ya mpira. Kumbe anataka nieleze kazi yangu. Kazi yangu, kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano mpaka nilipostaafu, ilikuwa kutazama ngozi za watu. Mimi ni afisa tabibu, nikasomea magonjwa ya ngozi kwa miaka miwili katika kile kituo cha mafunzo ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 pale KCMC, Moshi, ambako wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Si kazi ya kujivunia mbele ya mahandisi na makanali ninaowaona hapa. Lakini leo nina jambo la kusema, nalo lilianza katika bweni lile pale nyuma ya jiko.

Mwaka 1981 nilikuwa Kidato cha Nne na kiranja wa bweni. Waliokuwapo watakumbuka kwamba mwaka ule vijana wa Kidato cha Kwanza walifika kabla ya vitanda vyao. Basi tukagawana. Mimi nilipewa kijana mmoja mwembamba, mpole, hodari wa hesabu, tukalala kitanda kimoja kwa majuma matatu hivi mpaka vitanda vilipoletwa. Jina lake silitaji.

Baada ya muda kijana yule akaanza kujikuna. Mwanzo usiku tu, kisha hata darasani. Vidole vikajaa vipele, vipele vikatunga usaha. Wenzake wakampa jina, nanyi mnajua majina ya bwenini yalivyo. Walalamikaji wakaja kwangu, nami kiranja nikatoa hukumu: kitanda chake kitolewe nje, kiwekwe barazani, mpaka ajifunze kuoga. Nilikibeba mimi mwenyewe, nikishika upande wa kichwani. Akalala barazani majuma mawili, wakati wa baridi. Siku moja alikwenda kwao kwa ruhusa, asirudi tena.

“Ajifunze kuoga.” Nasema hayo katika Handeni, ndugu zangu! Wilaya ambayo mtu huamka alfajiri kupanga ndoo, na maji ya bomba husubiriwa yapande kutoka Korogwe kama mgeni asiye na ahadi. Kijana yule alioga kama sisi tulivyooga, yaani kwa kopo.

Sasa niwaeleze upele ni nini, maana nilikuja kuujua nikiwa nimechelewa.

Upele huu wa kuwasha usiku huletwa na mdudu, jamaa ya utitiri, mdogo kuliko nukta ya kalamu. Jike lake halifiki nusu milimita. Huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi kama fuko anavyochimba shamba, akitaga mayai mawili matatu kwa siku. Hupenda katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makwapani, na mahali ambapo kijana hapendi kumwonyesha matroni. Huko maabara tunakwaruza ile njia kwa wembe wa kupasulia, tunaweka tone la mafuta juu ya kipande cha kioo, tunatazama kwa hadubini. Mara ya kwanza nilipomwona mdudu yule, mviringo kama kobe na miguu yake minane mifupi, nilikaa kimya mpaka mwalimu akauliza kama naumwa.

Kuna njia nyingine nyepesi, na hii vijana mnaweza kuifanya wenyewe. Paka wino juu ya kipele, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kama kuna njia ya mdudu, wino utaingia ndani na kubaki, uone mstari mfupi uliopindapinda.

Lakini lililonikosesha usingizi halikuwa mdudu. Lilikuwa ni utafiti mmoja wa Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Askari walikuwa wakijikuna kwa maelfu, na serikali ilidhani upele hukaa katika mablanketi. Mtaalamu wa wadudu, Kenneth Mellanby, akakusanya watu wa kujitolea mjini Sheffield, vijana waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao. Aliwalaza uchi katika mablanketi machafu yaliyotoka moja kwa moja kwa wagonjwa. Usiku baada ya usiku. Karibu wote hawakupata kitu. Walipolala kitanda kimoja na askari wenye upele, ndipo walipoambukizwa. Mdudu hupita ngozi kwa ngozi. Blanketi lina sehemu yake, lakini ni ndogo.

Alihesabu pia wadudu, akakuta mgonjwa wa kawaida ana kama kumi na mmoja tu mwilini mwake. Mtu akioga kila siku kwa sabuni, wadudu kumi na mmoja waliozama ndani ya ngozi hawana habari. Tena akaona jambo la tatu: anayeambukizwa mara ya kwanza hajikuni siku ile wala juma lile. Muwasho huanza baada ya mwezi hivi, hata majuma sita, mwili ukisha kumzoea adui na kuanza kumchukia. Siku zote hizo mtu huwagawia wenzake bila kujua.

Nilipokuwa nikisoma hayo Moshi, niliweka kitabu chini nikahesabu kwa vidole. Mwanzoni mwa mwaka 1981, kabla vijana wale hawajafika, mimi nilikuwa nikiwashwa kiunoni na mikononi. Mjomba wangu, aliyekuwa mpishi katika shamba la mkonge upande wa Korogwe, alinipatia marhamu ya kiberiti. Nikaipaka kwa siri, mahali panapowasha tu, mikono mirefu ya shati ikifunika mengine. Muwasho ukapungua, mdudu akabaki. Kisha nikalala kitanda kimoja na yule kijana majuma matatu. Naye akaanza kujikuna mwezi mmoja na kitu baadaye.

Basi hesabu ndiyo hiyo. Yeye alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi, angeipata upesi zaidi.

Msidhani kwamba upele ni jambo la muwasho tu. Vidonda vya kujikuna huingiwa na bakteria, na baadhi ya bakteria hao huweza kuchokoza figo. Mtoto akiamka uso umevimba na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, asipewe tena dawa ya kupaka peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na naliona limechelewa kama mimi.

Dawa ipo. Ile ya maji meupe, benzili benzoeti, ambayo wengi mnaikumbuka kwa jinsi inavyochoma, hupakwa baada ya kuoga toka shingoni hadi nyayo, si mahali panapowasha tu, ikaachwa mwilini siku nzima, na kurudiwa kama ulivyoelekezwa. Siku hizi kuna pia vidonge vya ivermektini. Wenyeji wa Mkoa wetu wa Tanga mmevimeza miaka mingi pamoja na albendazo, katika ugawaji wa dawa za matende na mabusha. Kule Zanzibar dawa hizo ziligawiwa kwa watu wote mara sita, kati ya mwaka 2001 na 2006. Watafiti walipofungua madaftari ya vituo vya afya vya Unguja, wakaona kwamba wagonjwa wa upele nao walikuwa wamepungua, kwa kati ya asilimia 68 na 98. Hakuna aliyekuwa amewaahidi hilo.

Visiwani Fiji walitaka kuhakikisha. Mahali pamoja wakatibu wagonjwa na jamaa zao kwa desturi ya siku zote. Mahali pengine wakampaka dawa kila mtu, mzima na mgonjwa. Pa tatu wakampa kila mtu ivermektini. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja upele ulipungua kwa asilimia 49 pa kwanza, 62 pa pili, na 94 pa tatu. Kwa hiyo Ndugu Mkuu wa Shule akiniuliza nimtibu kijana gani bwenini, nitamjibu: wote, siku moja, na kurudia baada ya juma moja au mawili, kwa sababu kidonge hakiui mayai. Na mwalimu wa zamu pia. Vipimo vya vidonge huamuliwa na mganga kwa uzito wa mtu, na wako wasiopewa, kama akina mama wajawazito na watoto wadogo.

Nichomeke neno moja kwa vijana. Si kila kinachowasha ni upele. Wanaotoka milimani upande wa Korogwe, Muheza na Lushoto wajue kwamba kuna ugonjwa wa usubi, ambao nao huwasha miaka na miaka na kuifanya ngozi ikunjamane kama ya mzee. Huo maabara huutafuta kwa kukata kijipande kidogo cha ngozi na kukiloweka ili vijinyoo vitoke. Ziko fangasi, yako mapunye, uko ukurutu. Ndiyo maana naogopa sana hizi krimu za steroidi zinazouzwa sokoni kama karanga. Ukipaka penye fangasi, wekundu hutulia, nawe ukashukuru, huku fangasi ikitanda chini kwa chini mpaka hata mimi siitambui kwa macho.

Nirudi kwa mwenzetu. Mwaka 1999 nilisikia yuko Korogwe, anafanya biashara ya mbao. Nilikwenda. Alinitambua kabla sijasema jina. “Kumbe ni Kiranja,” akasema, akamtuma mtoto alete kiti. Mkewe akatupikia. Tulipokwisha kula nilimweleza yote: marhamu, mjomba, majuma matatu, mwezi mmoja. Nilimweleza hata habari za Mellanby, maana mtu mwenye hatia husema sana. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Kile kitanda, baada yangu alilala nani?”

Sikukumbuka. Mpaka leo sikumbuki. Kama yupo hapa aliyelala kitanda kile mwaka 1981 au 1982, namwomba aniambie kabla hatujaondoka, nimpelekee jibu.

Ndugu Mkuu wa Shule amenipa ruhusa kesho asubuhi nikae kwenye baraza ile ile ya bweni, kabla basi la kwanza la Segera halijapita. Nitakuwa na lenzi, taa, na chupa ya wino. Kila kijana ataingia peke yake na mlango utafungwa. Wazee wenzangu, ninyi mliokuwa mkijikuna wakati wa risala mkidhani sioni, nanyi mnakaribishwa.