Uchumi Ukiyumba, Nani Atamtetea Mtetezi?

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wasaidizi wa kisheria waliohitimu mafunzo, pamoja na wakazi waliofika katika ukumbi wa kijamii. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Mimi si wakili. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwaletea habari. Lakini ninayo sababu ya kukubali mwaliko huu.

Mwaka 2020, wakati wa corona, chumba cha habari nilichokuwa nikifanya kazi kilipunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwao. Barua yenyewe ilikuwa na aya mbili: asante kwa utumishi wako, na kazi yako inakoma Ijumaa. Notisi hakuna, malipo hakuna. Niliikunja nikarudi nyumbani. Jirani yangu, mama mmoja msaidizi wa kisheria, aliisoma kisha akaniuliza swali moja tu: "Afisa wa kazi alijulishwa?" Sikujua hata kama afisa huyo yupo. Mama yule akanielekeza, nikaandika barua ya madai, nikafika ofisi ya kazi, na baada ya miezi mitatu nikalipwa. Yeye hakuchukua hata shilingi moja.

Haukupita muda, shirika lililokuwa likimlipa lilifunga mradi wake. Alipigiwa simu siku ya Jumatatu, akaambiwa asije tena. Nilipomuuliza mkataba wake ulisema nini, alicheka kidogo akasema hajawahi kuusoma. Wahenga walisema mganga hajigangi.

Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka tulizungumze. Uchumi ukidorora, watu wanaohitaji msaidizi wa kisheria huongezeka, lakini pesa za kumlipa hupungua. Anayeingia kazi hii bila kulijua hilo atavunjika moyo mapema.

Tuangalie yaliyotokea hapa kwetu. Mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulipungua kwa asilimia 0.3. Mahakama zilipunguza shughuli zake kuanzia Machi mwaka huo. Watu waliachishwa kazi, wapangaji wakashindwa na kodi, wazazi walioachana wakavutana kuhusu matunzo ya watoto, na waliokopa wakaanza kusikia habari za mnada. Wote hao walihitaji mtu wa kuwaeleza sheria kwa lugha wanayoielewa. Wengi wao hawakuwa na hela ya wakili.

Sasa, msaidizi wa kisheria hulipwa na nani? Kuna anayejitolea kijijini na kupewa posho ya nauli. Kuna anayelipwa na shirika kwa fedha za wafadhili. Na kuna mwenye diploma, kama ile inayotolewa na Kenya School of Law, aliyeajiriwa katika ofisi ya mawakili. Mdororo huwafikia wote watatu, ila kwa njia tofauti.

Wa shirika huumia mfadhili anapofunga mkono. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi nchini yalilazimika kusimamisha miradi na kuwarudisha watu nyumbani. Uamuzi ulifanywa Washington, lakini aliyekosa mshahara alikuwa hapa hapa mtaani kwetu.

Wa ofisi ya mawakili hutegemea aina ya kazi anayoifanya. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Mikopo ikiwa ghali namna hiyo, wanaonunua ardhi na nyumba hupungua, na faili za uhamisho wa umiliki na za rehani hupungua pia. Ofisi iliyosimama juu ya kazi hiyo peke yake huanza kuhesabu watu wake. Lakini wakati huo huo, kesi za madeni na migogoro ya kazi huongezeka. Anayejua kuandaa hati za ardhi tu huwa hatarini. Anayejua pia kupanga ushahidi wa deni au kukokotoa malipo ya mfanyakazi aliyefukuzwa, ofisi itafikiria mara mbili kabla ya kumwacha.

Tusisahau teknolojia nayo. Uwasilishaji wa kesi kwa mtandao ulianza Nairobi Julai 2020, na mwaka 2024 ukaenezwa kote nchini. Kijana ambaye kazi yake ilikuwa kubeba faili kutoka ofisini hadi masijala ya mahakama amepungukiwa na kazi. Anayeweza kumwingizia mkulima kesi yake kwenye mfumo, akalipia ada kwa simu na kufuatilia tarehe, huyo amepata kazi mpya.

Nataka sasa tuizungumzie haki yenu nyinyi wenyewe, maana mtaifundisha kwa wengine kila siku. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaeleza namna ya kupunguza wafanyakazi. Kama wewe si mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri anapaswa kukujulisha kwa maandishi, na kumjulisha afisa wa kazi. Kama ni mwanachama, anawajulisha chama chako na afisa wa kazi, mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji huo. Anayechaguliwa kuondoka achaguliwe kwa kuzingatia muda aliotumika, ujuzi, uwezo na uaminifu wake kazini. Alipwe siku zake za likizo zilizobaki. Apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake. Tena alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi na amefanya kazi miaka minne, hizo siku 15 peke yake zinakaribia shilingi 60,000. Hiyo ni karo ya mtoto.

Sheria hii haisemi kwamba mashirika ya kutetea haki yamesamehewa. Mwajiri ni mwajiri.

Lakini someni mikataba yenu. Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake ya mwisho, kwa kawaida hapo hakuna kupunguzwa kazi, na malipo hayo hayadaiwi. Ukikatizwa katikati kwa sababu fedha zimekwisha, hilo ni jambo jingine, na una msingi wa kudai. Tofauti hiyo ndiyo iliyomponyoka jirani yangu. Msikae na madai moyoni pia, kwa sababu kesi ya ajira ina muda wake: miaka 3, kisha mlango unafungwa.

Nina onyo moja, na mnisamehe nikilisema wazi. Wakati wa dhiki, mtu atakuja na shilingi elfu mbili akuombe umwandalie hati ya kuhamisha shamba. Usikubali. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa hati kama hizo kwa malipo, na ni kosa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria na kuweka utaratibu wa kuidhinishwa kupitia Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Fuateni utaratibu huo. Jina safi litakufaa hata mwaka wa njaa.

Kaunti inaweza kufanya nini? Nitasema kweli. Mahakama na msaada wa kisheria ni majukumu ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo sitawaahidi ajira ambayo sina. Lakini kumbi za wadi ni za wananchi, na bajeti ya kaunti hupitia vikao vya maoni ya umma. Njooni vikaoni. Mkitaka meza na kiti katika ukumbi wa wadi siku moja kwa wiki ili muwahudumie watu, andikeni ombi, lisomwe mbele ya wakazi.

Nanyi wakazi wenzangu, yule kijana anayekuandikia barua ya madai chini ya mwembe naye anakula na kulipa kodi ya nyumba. Akikusaidia ukalipwa, mchangie nauli. Akiwa na kikundi, kipeni nafasi katika mabaraza yenu na makanisa na misikiti yenu. Ibara ya 48 ya Katiba inaiagiza Serikali kuhakikisha kila mtu anapata haki, lakini kijijini haki hiyo mara nyingi hufika kwa baiskeli ya msaidizi wa kisheria.

Vijana, kabla hamjaondoka nina kazi ya nyumbani kwenu. Leo usiku, kabla ya kufungua faili ya mtu yeyote, toeni mikataba yenu wenyewe kabatini. Tafuteni tarehe ya mwisho, muda wa notisi na jina la anayewalipa. Usipolielewa neno, muulize mwenzako aliyeketi karibu nawe sasa hivi. Jirani yangu amenituma niwaambie hivyo. Siku hizi amerudi kazini, ana mkataba mpya, na safari hii aliusoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.