Kupoa na Kuganda: Swali la Erasto Mpemba na Lugha ya Ugunduzi



Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, kwa kuchelea kukosa nafasi, akaweka ya kwake yangali moto. Baada ya kama saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado ni kimiminika kizito.

Mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, swali lake lilifanyiwa mzaha darasani: hiyo, aliambiwa, ilikuwa fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya walimwengu. Hakunyamaza. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alisimama akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 yenye ujazo uleule. Wanafunzi wakacheka. Osborne aliliagizia swali hilo jaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education.

Katika masimulizi ya Mpemba mna jambo moja ambalo wanaisimu hawana budi kulizingatia. Kabla ya kukutana na Osborne, alikuwa na rafiki aliyetengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo alimweleza kwamba yeye hutia mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi. Maarifa hayo, basi, yalikuwamo tayari katika kazi za watu wa pwani. Yalikosa mtu wa kuyageuza kutoka kanuni ya kazi kuwa swali. Fundi husema, "Tia moto, litaganda upesi." Mtafiti huuliza, "Kwa nini?"

Je, Kiswahili kina uwezo wa kulibeba swali hilo? Hapa ndipo kiini cha mhadhara huu kilipo. Kiswahili hutenganisha vitenzi viwili: *kupoa* na *kuganda*. Kitu hupoa kinapopoteza joto. Huganda kinapobadilika hali. Tena viambishi vya njeo na hali hutofautisha hatua: maji *yameanza kuganda* si maji *yaliyokwisha kuganda*. Tofauti hizi si pambo la sarufi. Ndizo zilizozusha mabishano makubwa kuhusu ugunduzi huu.

Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walitangaza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto hutangulia. Lakini walichokipima ni muda wa maji kufikia nyuzi sifuri. Wapinzani wao walisema kwamba huko ni kupoa, si kuganda. Kwani maji yaweza kushuka chini ya sifuri yangali kimiminika, yakasubiri hata punje ya kwanza ya barafu ijitokeze. Wengine hutaja sababu nyingine: maji ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke, au huzunguka kwa kasi zaidi ndani ya chombo. Kuhusu maji yenyewe, wataalamu hawajaafikiana hadi leo.

Wakati huohuo fizikia imepiga hatua upande mwingine. Mwaka 2017, Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo wenye joto zaidi waweza, katika hali fulani, kufikia utulivu kabla ya mfumo wenye joto kidogo. Mwaka 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, walithibitisha jambo hilo kwa chembe ndogo mno ya kioo ndani ya maji, ikiongozwa kwa nguvu ya mwanga wa leza. Mwaka 2024 majaribio ya ioni zilizonaswa yalidhihirisha tukio la namna hiyo katika ulimwengu wa kwanta. Katika majaribio hayo yote hakuna kilichoganda. Kilichopimwa ni mwendo wa kufikia utulivu. Nalo jina la Mpemba limebaki palepale. Neno moja, basi, limesimamia matukio mawili yasiyo sawa, na asiyetenganisha kupoa na kuganda atayachanganya.

Jina lenyewe lina utata wake. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia "athari ya Mpemba" aweza kudhani inahusu mwenyeji wa Pemba. Ni vyema vitabu vyetu viandike "athari ya Erasto Mpemba" pale inapotajwa mara ya kwanza.

Kwa wavumbuzi, funzo ni dhahiri. Sheria za hataza hulinda uvumbuzi, yaani kifaa au njia mpya ya kutenda. Hazilindi ugunduzi wa jambo la asili. Hata hivyo, heshima ya ugunduzi humwendea aliyeuliza, akapima, akaandika. Muuza aiskrimu wa Tanga hana jina katika historia hii.

Tanzania ingali na watoto wa shule za umma wanaosoma sayansi kwa Kiswahili katika elimu ya msingi, kisha wakaigeukia kwa Kiingereza katika sekondari. Mtoto anayeuliza swali gumu hukutana na mizani miwili: kama swali ni sahihi, na kama Kiingereza chake ni sahihi. Mpemba alichekwa kwa mizani ya kwanza peke yake, naye alistahimili. Wangapi wamenyamazishwa na ya pili? Kazi ya taaluma za Kiswahili si kusanifu istilahi tu na kuziweka kamusini, bali kuhakikisha kwamba swali lililozaliwa jikoni au sokoni laweza kufika maabara bila kupotea njiani.